Joto la Juujuu

Kitu cha kwanza alichokigundua ni kwamba joto lilikuwa la juujuu. Ovari ya ng'ombe aliyetoka kuchinjwa ina joto la kutoka ndani; ukiifumbata hukuunguza taratibu, kama kifaranga. Hii aliyopewa machinjioni asubuhi ile ilikuwa na joto la chakula kilichopashwa: nje moto, katikati baridi. Msichana aliigeuza kiganjani mara mbili. Vifuko vya mayai vilivyotuna juu yake, ambavyo siku zote vilikuwa angavu kama matone ya umande, leo vilikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

"Mbona unaikagua kama unaposwa nayo?" mchinjaji alimcheka, huku akisuuza kisu. "Itie kwenye chupa uende, bibi harusi. Ng'ombe wake ameanguka sasa hivi, saa mbili kasoro robo. Andika."

Alimwita bibi harusi kwa sababu hakuwahi kumsikia akijibu. Chini ya meza yake palikuwa na ndoo ya maji yanayofuka mvuke. Msichana aliiona ndoo. Aliona pia kwamba zizi lilikuwa tupu, na sakafu imeshaoshwa ikakauka: ng'ombe walikuwa wamechinjwa zamani. Akafungua chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya vuguvugu, akaitumbukiza ovari ile na nyingine, akaandika kwenye lebo: saa mbili kasoro robo.

Kuandika vizuri alifundishwa na dada mmoja, fundi wa maabara alikopeleka ovari hizo. Shule aliiacha darasa la nne, na kwa miaka mingi mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye majivu. Dada ndiye aliyemkalisha kando ya hadubini, akamshika mkono mpaka tarakimu zikanyooka. "Lebo ni ushahidi, mdogo wangu," alimwambia. "Chupa haina mdomo. Wewe ndiye mdomo wake."

Ndiye pia aliyemweleza kazi yenyewe, bila kumdharau. Ndani ya kila kifuko, alisema, mna vijumbe vidogo mno viitwavyo RNA ndogo. Havijengi kitu. Kazi yake ni kunyamazisha. Vikinyamazisha amri ya kufa, kifuko hukua na yai likaiva. Vikinyamazisha amri ya kuishi, kifuko hunywea. Ila ng'ombe akishakufa, vijumbe hivyo huanza kuvurugika, ndiyo maana ovari hazitakiwi kupitisha muda wa saa moja kabla ya kugandishwa.

"Kwa hiyo kimya kinaua?" msichana aliuliza, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

"Na kuponya pia. Inategemea kinamnyamazisha nani." Dada aliinamia hadubini. "Mimi nimeambiwa vyangu vinanywea mapema. Miaka ishirini na tisa! Nikaona badala ya kulia, nije nimjue huyo anayevizima." Akacheka peke yake.

Msichana alitaka kusema pole. Neno likafika kwenye meno, likarudi.

Basi asubuhi ile ya joto la juujuu alifika maabara akiwa amelipanga la kusema. Lakini dada alikuwa akizungumza na Profesa, mama mtu mzima asiyependa kukatizwa, na mtu wa darasa la nne hamkatizi Profesa. Kesho yake ndoo ilikuwepo tena. Keshokutwa aliona haya kusema la juzi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na uongo ule siku ya tatu ulishashika jembe, unalima. Ulilima siku kumi na moja.

Majibu yalipotoka, Profesa aliwaita dada na msichana, akatandaza karatasi mezani mbele ya dada.

"Hata vifuko ulivyoviandika vizima vinaonekana vinakufa. RNA imekatikakatika. Nani kaiharibu?"

"Glavu nilibadilisha kila mara, Profesa," dada alisema. "Labda ovari zinatoka huko zimeshakaa."

Profesa alifungua daftari lenye lebo. "Dakika arobaini tangu kuchinjwa. Arobaini na tano. Thelathini na nane. Au huyu mtoto anaandika uongo?"

Wote wakamgeukia. Msichana alikuwa ameikumbatia chupa tupu, anakitazama kizibo chake.

Dada ndiye aliyejibu, tena upesi. "Huyu? Huyu hawezi. Nimemfundisha mwenyewe."

"Basi kosa liko mezani kwako."

Ijumaa dada alitia kwenye mfuko kikombe chake, kandambili zake na koti lake jeupe. Mlangoni alimshika msichana kidevu. "Usiache kunyoosha tarakimu," alisema.

Jumatatu msichana aliwahi machinjioni kabla ya ng'ombe. Mchinjaji alipomsogezea ndoo, aliirudisha kwa mguu, akaenda kusimama kando ya ng'ombe wa mwisho.

"Aa! Kumbe bibi harusi ana makucha!"

Alingoja mpaka ovari ikamuunguza kiganja, akaandika saa ya kweli. Akafanya hivyo kesho yake, na siku zote zilizofuata. Alidhani anatengeneza alichoharibu.

Baada ya miezi miwili majibu yalitoka safi: vifuko vizima vikasoma uzima, vinavyokufa vikasoma kufa. Profesa alimpiga begani fundi mpya aliyeshika meza ya dada. "Mmeona? Mkono umebadilika, kazi imetakata. Nilijua tu tatizo ni yule."

Msichana alikuwa akisuuza chupa. Maji yalifurika, yakamlowesha viatu, naye hakufunga bomba. Kila ovari ya moto aliyoileta, kila lebo ya kweli, ilikuwa imekwenda kutoa ushahidi dhidi ya dada.

Ilimchukua miezi mitano kumfuata. Dada alikuwa amepata kibarua kwenye kiwanda cha maziwa, dirisha la kupokelea, kuwapima walioleta kama wametia maji. Alivaa koti lilelile jeupe. Msichana alipanga foleni kati ya watu wenye madumu, yeye mikono mitupu.

"Mzee wangu, haya siyo maziwa, haya ni mvua," dada alikuwa akimwambia mmoja, na foleni ikacheka. Kisha akainua macho. "Mdogo wangu! Umeleta maziwa au umeleta macho?"

Msichana alitabasamu, akainama.

"Bado unaandika?"

"Naandika."

"Safi." Dada alikipangusa kipimo chake cha kioo, taratibu kuliko ilivyohitajika. "Nasikia majibu yalikuja kutoka mazuri. Nilikaa nikafikiri sana, unajua. Kumbe labda kweli ilikuwa mikono yangu hii." Akaigeuza, viganja juu, akaitazama kama vyombo alivyoazimwa.

Mwanamume wa nyuma alikohoa, akalisogeza dumu lake mbele. Msichana hakusogea. Neno lilifika kwenye meno, likataka kurudi, safari hii akaliwekea mguu.

"Ovari zilikuwa baridi ndani, dada. Tangu siku ya kwanza. Nilizishika, nikajua, nikaandika."