Sura ya Nne Inachuruzika

Jumatatu saa tatu asubuhi fundi wa majalada alipanga nakala tatu za tasnifu juu ya meza yake, akazipigapiga kingo zikae sawa, akapaka gundi kwenye mgongo wa ile ya kwanza. Gundi ikateleza mpaka sakafuni. Akapaka tena, ikateleza tena. Akafuta meza kwa kitambaa, akaenda kukikamua mlangoni, na kitambaa kikatoa maji ya kujaza kikombe.

"Dada, kazi yako imelowa," alisema.

"Nimeichapa jana, na mvua haijanyesha."

"Sijasema imenyeshewa. Nimesema inatoa maji." Akaifunua katikati, akaiinamisha. Yakachuruzika. "Yanatokea hapa, sura ya nne. Mwaka jana kuna mmoja wa kilimo, yake iliota mchicha. Nilikata kingo, nikabandika, akapokea shahada yake. Mchicha unakatika. Maji mimi siyawezi. Kaikaushe."

Ijumaa saa sita mchana ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea tasnifu za shahada ya daraja la heshima. Aliyechelewa alipewa shahada ya kawaida, ambayo nayo ni shahada, lakini watu huitaja huku wanaangalia pembeni.

Mwanafunzi huyo alikuwa mtoto pekee wa fundi cherehani mmoja mjane, aliyemwombea mwanawe kila alipotia uzi kwenye sindano. Mtaani walimwita Kalamu. Utafiti wake ulihusu bomba la mtaa wao. Bomba hilo lilikauka miaka mitatu iliyopita, mwezi uleule chuo kilipopanda nyasi mbele ya jengo la utawala. Wanawake walipanga ndoo zao mbele ya bomba, na kwa kuwa hakuna mwenye nafasi ya kukaa akingoja miaka mitatu, ndoo zilingoja kwa niaba yao. Mara mojamoja bomba lilikohoa, likajaza ndoo mbili, likanyamaza. Kila ndoo ilijulikana na mwenyewe alijulikana. Aliyehama alimwachia dada yake nafasi. Mwangalizi wa ndoo alikuwa mwanamke mzee aliyeitwa Bibi Foleni. Alizipitia asubuhi na jioni, akazifuta vumbi, na aliyesogeza ya kwake mbele ya mwenzake hakusalimiwa kwa wiki nzima.

Kalamu alikaa katikati ya ndoo hizo miezi saba, akaandika waliyosema kama walivyoyasema. Bibi Foleni alimpa sharti moja tu.

"Usije ukanifanya asilimia. Mimi nina jina, nina magoti, na yote mawili yananiuma."

Kalamu alimwahidi. Mwisho wa sura ya nne alichora bomba lilivyolala: linatoka bwawani, linapita chini ya ndoo zote, linaishia kwenye nyasi za chuo.

Siku hiyohiyo ya Jumatatu alimpelekea Daktari, msimamizi wake, ile kazi iliyolowa. Aliipokea kwa vidole viwili na kuilaza ndani ya beseni alilokuwa nalo chini ya meza. Kwa mwaka mzima alikuwa hajasoma ndani yake chochote isipokuwa orodha ya marejeo, na hiyo aliisoma mara nne.

"Marejeo yamekaa vizuri," alisema. "Hapa tu umesahau nukta."

"Nitaiweka, Daktari. Na maji?"

"Maji hayo ni tatizo la mbinu. Umewaacha hawa watu waseme mno. Watie kwenye jedwali."

Kalamu akakaa kwenye kompyuta ya ofisini kujaribu ukurasa mmoja. Mwanamke mmoja muuza mkaa alikuwa amesema kwamba mwanawe alijifunza kuhesabu kwa zile ndoo, na sasa yuko darasa la tatu na bado hajaifikia ya kwao. Kalamu akamweka pamoja na wenzake, wakawa asilimia sabini na nne. Akauchapa, akauchomeka kwenye sura, ukakauka palepale. Ulikuwa mkavu kiasi cha kumpasua ngozi ya kidole.

"Huo sasa ndio utafiti," alisema Daktari. "Fanya hivyo sura nzima. Na ule mchoro wa bomba, utoe. Hauna adabu ya kitaaluma."

Kalamu alirudi nyumbani na beseni kichwani. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukanyaga cherehani, kisha akaacha.

"Shahada ni yako, mwanangu, na nimeiombea. Maneno si yako. Kawaulize wenyewe."

Kesho yake mchana Bibi Foleni aliipokea sura ya nne, akauchomoa ule ukurasa wa asilimia, akauweka kando kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele. Zilizobaki akaziinamisha juu ya ndoo ya kwanza. Ikajaa. Akahamia ya pili. Waliendelea hivyo mpaka magharibi, kwa zamu, bila kelele. Mwenye ndoo ya kumi na tisa alijaribu kupenya akaambiwa arudi alikokuwa, maji yamekuja lakini adabu haijaondoka.

"Yana ladha ya wino," alisema muuza mkaa.

"Kunywa hivyohivyo, shoga, huenda na wewe ukaitwa Daktari," alijibu jirani yake.

"Nikiitwa Daktari, nani atawauzia mkaa?"

Walicheka mpaka Bibi Foleni akawaambia watamwaga. Ndoo zote zilijaa siku hiyo. Jua lilipozama akairudisha sura kwa Kalamu.

"Nimeona unavyoitazama Ijumaa," alisema. "Ukitutia kwenye jedwali, sitakulaani. Lakini mimi ningeipeleka kama ilivyo. Wakiyaona maji watauliza yametoka wapi, nawe umewachorea. Basi watatufungulia bomba."

Kalamu hakulala vizuri siku tatu. Ijumaa alikwenda na kazi kama ilivyo, nakala zote tatu, bila jedwali, mchoro ukiwa ndani. Majalada alishona mama yake kwa kitambaa cha makoti ya mvua. Karani wa idara akaipokea saa sita kasoro dakika tano, akagonga mhuri, mhuri ukaelea kidogo kabla ya kushika.

Siku ya kuitetea, watahini wanne walivua viatu wakaviweka juu ya viti, maana sakafu ilikuwa imeshajaa. Walijadili upana wa pambizo za kurasa. Walijadili kama "ndoo" ni dhana au ni chombo tu, na hapo walikaa saa nzima. Mtahini wa nje, aliyekuwa na kikohozi, alikuta jagi la mezani ni tupu, akakinga glasi yake kwenye ukurasa wa arobaini na saba. Akanywa. Akakinga nyingine.

"Huu ni mchango mkubwa," alisema.

"Nilimwongoza kuelekea kwenye maji tangu mwanzo," alisema Daktari.

Kuhusu bomba hakuna aliyeuliza. Ukurasa wenye mchoro walikuwa wameukunja mara nne na kuuweka chini ya jagi, meza isilowe.

Kalamu alipata heshima, daraja la kwanza. Mama yake alipiga magoti kati ya vipande vya vitambaa akamshukuru Mungu, na ilikuwa haki yake kushukuru. Wiki ya pili ilikuja barua: kwa mujibu wa kanuni, tasnifu yoyote iliyopasishwa ni mali ya chuo. Nakala ya kwanza ilipandishwa kwenye tangi la jengo la utawala. Ya pili ilizikwa chini ya nyasi. Ya tatu iliwekwa maktaba, ndani ya sanduku la kioo, na kibao cha shaba kikaandikwa "Mradi wa Maji wa Idara", na jina la Daktari chini yake. Kalamu alikwenda kujichapia nyingine. Ilitoka kavu, kwa sababu haki zote zilikuwa zimeshahifadhiwa.

Wanawake waliposikia walikwenda maktaba na ndoo zao. Mkutubi hakuwafukuza, alikuwa mtu mstaarabu.

"Karibuni. Tasnifu inasomwa humuhumu ndani. Haitolewi nje."

"Hatukuja kuitoa," alisema Bibi Foleni. "Tumekuja kuichota."

"Kwa kuchota mnahitaji kitambulisho cha mwanafunzi, bibi."

"Nimo humo, ukurasa wa arobaini na saba. Nifungulie ujionee."

"Nakuamini, bibi. Lakini aliyemo kitabuni si mwanachama wa maktaba."

Bibi Foleni aliweka ndoo yake mlangoni. Muuza mkaa akaweka ya kwake nyuma yake, na wengine wakafuata, kila mmoja mahali pake, mpaka mstari ukavuka nyasi, ukapita geti la chuo, ukaingia mtaani.

Kalamu alipofika kuchukua cheti chake, Daktari alimwita dirishani na kumshika bega.

"Unaiona ile foleni? Miezi mitatu sasa, na haijasogea. Hiyo ni shahada ya pili nzima, binti. Uanze Jumatatu."

"Na maji je, Daktari?"

"Maji utayaweka kwenye mapendekezo."