Sataranji Wakati Ndizi Zinaiva

Eufrazia alipomaliza kumenya ndizi, alizifunika kwa majani ya mgomba, akasukuma kuni, akamwita mumewe. Aroni alitoka kaburini mwake nyuma ya mibuni, akajikung'uta udongo, akaja na njaa yake.

"Futa miguu," alisema mama yake, Kokushubila, kutoka kitandani. "Kufa si ruhusa ya kuchafua nyumba."

Hiyo ilikuwa Nyanga, mwaka 1987. Aroni alijifunza sataranji akiwa askari Uganda wakati wa vita, akarudi na ubao wake, na baadaye akafa kwa ule ugonjwa mpya wa kukondesha ambao watu waliuita Juliana. Baada ya matanga, mdogo wake Buberwa alidai kibanja chote, migomba, mibuni na nyumba. Eufrazia alikataa kutoka. Buberwa, ambaye hakuwahi kushindwa sataranji na mtu aliye hai, alicheka mbele ya ukoo.

"Nishinde, shemeji, kibanja kiwe chako. Tukutane mavuno ya kahawa yakianza."

Ukoo ukapiga makofi.

Shida ilikuwa muda wa kujifunza kwa Aroni. Asubuhi Eufrazia alipalilia, jioni alimwogesha mama mkwe, na katikati kulikuwa na misiba. Walizika Nyanga, wakazika Kemondo, wakarudi kuzika Nyanga. Na siku ya maziko jembe haligusi ardhi, wala mtu hakai kucheza. Alibakiwa na muda wa ndizi kuiva tu. Aroni naye aliweza kukaa mpaka sufuria iteremshwe, basi.

Kwa hiyo hawakucheza michezo mizima. Siku moja walicheza na farasi peke yao. Siku nyingine mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu.

"Malkia wako anatembea kama mlevi," alisema Aroni.

"Na wewe unanuka udongo. Cheza."

Eufrazia akaanza kutumia kuni mbichi. Ndizi zikachelewa, Kokushubila akalalamika, mchezo ukakua. Masika yalipokwisha, Aroni alikuwa anashindwa na kusingizia moshi.

Siku yenyewe, ndizi zikiwa motoni, ukoo ulikaa kwenye nyasi zilizotandikwa ndani. Aroni alikaa karibu na mama yake. Watu walimsalimia, wakamsogezea rubisi, pombe ya ndizi. Buberwa alitoa malkia mapema, akasifiwa. Eufrazia akamwachia askari mmoja, akamwachia mwingine, kisha farasi wake akaruka, na mfalme wa Buberwa akakosa pa kwenda.

Kokushubila alipiga kigelegele akiwa amelala.

"Umenishinda kihalali, shemeji," alisema Buberwa, akamgeukia Kagaruki, mkubwa wa ukoo.

Mzee Kagaruki alisema hajaona mchezo mzuri kama ule. Ila mwanamke hapewi ardhi ya ukoo, na kila aliyepiga makofi siku ile alilijua hilo. Hata hivyo mwenye kibanja yupo, aulizwe.

Aroni aliitazama rubisi yake.

"Ubao ni wa Eufrazia," alisema. "Kibanja ni cha ukoo."

"Miezi yote hii ulikuwa unanifundisha nini?"

"Sataranji," alisema Aroni.

Eufrazia alicheka mpaka wazee wakacheka naye bila kujua sababu. Kesho yake alipanda gari kwenda kwao Kishanda, ubao kwapani. Kokushubila alidai apakiwe naye, kwa kuwa Buberwa hajui kuogesha mtu.

Huko Kishanda wajane humjia kujifunza, kila mmoja kwa muda alioupata. Jumamosi, ndizi zikiwa motoni, huja pia Buberwa kwa baiskeli, Aroni akiwa amekaa nyuma. Buberwa hupanga foleni kama wengine. Zamu yake ikifika, hufungua jani na kumkaribisha Eufrazia akamwani, kahawa ya kutafuna, aliyoichuma kwenye mibuni ambayo Eufrazia aliipanda.

"Karibu, shemeji. Ya nyumbani hiyo."

Eufrazia hutafuna, husema imekauka vizuri, humshinda, na kumwambia apange kete upya.