Popo wa Pango la Ngujini

Rogathe alipanda Ngujini akitokea Same, akiwa na furaha ya mtu anayekaribia kumaliza kazi. Alikuwa akisomea shahada ya pili, akilinganisha mifupa ya popo wanaokula matunda na ya wale wanaokula wadudu. Mwaka uliotangulia mjomba wake, Wilbard, alimwonyesha pango lililo juu ya shamba lake. Rogathe alichukua popo wawili, akashuka mbio kuwahi gari la Mwanga. Sasa alitaka wengine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ila kama umefuata popo, umechelewa." Wilbard alicheka. "Walinimalizia mapapai. Tumewasha majani mabichi na pilipili mlangoni mwa pango. Hakutoka hata mmoja."

Rogathe alikimbilia huko. Harufu ya moshi bado ilikuwa imeng'ang'ania mawe, na popo walikuwa wametapakaa chini, wamekauka. Aliokota mmoja, akarudi nyumbani kwa mjomba kumchemsha kwenye kopo hadi nyama ikaachia mfupa. Kisha akaliweka fuvu lile mezani, kando ya fuvu la popo wa matunda alilokuja nalo.

"Tazama, mjomba. Huyu wa matunda ana pua ndefu, na magego yake ni bapa, ya kuponda. Huyu wa pangoni magego yamechongoka, ya kupasua maganda ya wadudu. Papai haligusi."

"Sasa nani kala mapapai yangu?"

"Popo wa matunda. Hao hulala mitini, kule bondeni."

Mjomba alikigeuzageuza kile kifuvu kiganjani. Kilikuwa kidogo kama harage.

"Haya uliyajua mwaka jana?"

"Niliyajua."

"Ukashinda hapa, ukala kwangu. Mbona hukuniambia?"

Haikuwahi kumpitia Rogathe akilini kwamba mjomba angependa kujua.

Msimu ule viwavi waliyavamia mahindi. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba popo wangeyaokoa, lakini Wilbard aliamini hivyo, na Rogathe hakuwa na ubavu wa kumbishia.

Alipomaliza masomo aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, akaeleza habari za popo kwa lugha nyepesi. Watu walimsikiliza, wengine wakauliza kuhusu mapango ya upande wa pili wa mlima. Mjomba alikuwa amekaa nyuma kabisa, kofia mapajani. Mkutano ulipokwisha aliondoka bila kumsubiri.