Pua ya Marcellin

"Hii hapana," alisema Marcellin, akaisukuma chupa kando, kwenye ubao wa chupa mbovu.

"Tena?" Thibaud aliinua macho kutoka kwenye mashine ya kuzibia. "Leo pua yako imeamka na hasira, mzee."

"Pua yangu haina mchezo. Wewe ziba chupa zako."

Akachukua nyingine. Aliishika kichwa chini kama ilivyotoka kwenye rafu, mashapo yote yakiwa yamelala juu ya kizibo. Akaing'oa kwa koleo bana ya chuma iliyokishika kizibo, akaizungusha chupa juu kwa mkupuo mmoja. Kizibo kikaruka, povu likayatema mashapo ndani ya pipa lililokatwa nusu, na dole gumba likawahi kuufunika mdomo. Kisha akafanya alichokifanya tangu ujana wake katika pango hili la mawe meupe: akaileta chupa puani, akavuta pumzi, akatulia kidogo, akampa Thibaud aijazie na kuiziba.

Hakusikia harufu yoyote. Tangu mafua ya Krismasi hakusikia kahawa, wala moshi wa kuni, wala sabuni yake mwenyewe. Daktari alimwambia avumilie, huenda itarudi. Ilikuwa Machi sasa, na haikurudi.

Majirani wengi pale kijijini Vouvray walishahamia vifuniko vya bati. Kwa kina Bessonnard, wenye pango hili, mvinyo wa povu bado ulilala miaka chini ya kizibo cha gome la mti, kama alivyotaka babu yao, na gome lina tabia zake: mara moja moja huficha ukungu, likautia mvinyo uvundo. Baina ya uvundo huo na meza ya mteja palikuwa na pua moja tu. Na kwa kuwa pua isiyokataa chupa hata moja ingeshukiwa, Marcellin alikuwa akikataa kila alipoona muda umepita. Alikataa yoyote iliyokuwa mkononi. Jioni alizimwaga mwenyewe, haraka, mgongo ukiwa umewaelekea wenzake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Marcellin aliumbuliwa na chakula cha mchana.

Pango sasa lilikuwa la Clotilde, na marehemu baba yake alikuwa na desturi: chupa mbovu huletwa mezani kwa mwenye nyumba, aonje mabaya yake mwenyewe kabla ya kusifiwa mazuri. Desturi hiyo ilizikwa pamoja naye. Siku hiyo Clotilde aliifufua bila kumwambia mtu. Walipopanda kutoka pangoni walikuta mkate, nyama ya nguruwe ya kupaka, jibini la mbuzi, na katikati, chupa zote mbili za kwenye ubao.

Thibaud ndiye aliyekunywa kwanza, maana mumewe Clotilde hakuumbwa kusubiri.

"Mke wangu, kama hii ndiyo mbovu, mimi nipe kreti nzima!"

"Onja na ile nyingine."

Akaonja. "Hii ndiyo kabisa. Mzee, unatuhujumu?"

Marcellin alipaka nyama kwenye mkate. Alipaka vizuri, mpaka kwenye kingo, akala, na ilikuwa kama kula sponji. Clotilde alimtazama akila. Marcellin alitamani aseme lolote, hata tusi.

Waliporudi pangoni Clotilde aliwafuata.

"Thibaud, kaangalie lebo."

"Lebo zina nini?"

"Thibaud."

Thibaud akaenda kuangalia lebo.

"Tangu lini, mzee?"

Marcellin alitafuta mzaha, akaukosa. "Krismasi."

"Na hizi zote tulizoziba?"

"Nimezipitisha tu."

"Mteja wetu, yule mfamasia wa mjini Tours, alinirudishia chupa mbili," alisema Clotilde. "Nikamwambia glasi zake chafu. Mimi, Marcellin! Nikamwambia nenda kaoshe vyombo vyako, pua ya Marcellin haikosei."

Hilo lilimuuma kuliko tusi lolote. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, binti? Asiye na pua ana kazi gani humu? Angekuwepo baba yako angenifukuza."

"Baba angekutukana kwanza mpaka jioni. Ndipo akufukuze."

"Kweli."

"Na mimi nimekasirika, usidhani nimepoa. Za tangu Krismasi hazitoki ghalani, hata moja." Akavuta kreti tupu, akaigeuza, akaketi karibu na pipa. "Haya, fungua."

"Nifungue?"

"Ulete hapa puani kwangu. Mimi mkono wa kazi hiyo sina, nikifungua nusu itakwenda sakafuni."

Akafungua. Povu likamrukia Clotilde shavuni, akalifuta kwa mkono wa sweta. "Nzuri," alisema. Akafungua nyingine. "Nzuri." Waliendelea hivyo, bila kutazamana, mpaka Clotilde alipokunja uso. "Ah! Uvundo huu hapa."

Marcellin akaileta chupa puani pake. Akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Hakuna kitu. Ngapi kama hii alizipitisha?

"Ukoje?"

"Gunia lililolowa. Chumba kilichofungwa."

Akaitikia kwa kichwa, akaiweka kwenye ubao, akafungua ifuatayo.

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri basi. Mpelekee Thibaud."

"Clotilde. Nzuri vipi?"

Clotilde alimtazama, akaona haiachii chupa. Akamshika kifundo cha mkono, akaivuta chupa karibu tena, akafumba macho.

"Tofaa," alisema. "Si lililoiva. Yale yanayoanguka mapema, ukiyakanyaga."

"Ndiyo."

"Na mkate."

"Sehemu gani ya mkate?"

"Chini. Palipoungua kidogo."

Marcellin alifunika mdomo wa chupa kwa dole gumba, lakini hakumpelekea Thibaud. Povu lilikuwa likimpenya polepole katikati ya vidole.

"Endelea," alisema.