Walaji wa Harufu ya Muyombo

Asubuhi moja ya mwaka 1974, Bartolomeo alikuwa akimmenyea mkewe Natalia kiazi kitamu, vijidudu wa udongo walipobisha hodi.

"Karibuni," alisema, akawatandikia mkeka mzima, kwa kuwa hawaonekani na mtu hawezi kujua wamekaa wapi.

Walieleza kwamba wamekuja kula mizinga ya nyuki. Meno hawana. Wana vimeng'enya, ambavyo huvunjavunja gome la mti: harufu kwanza, ugumu baadaye. Mizinga ilikuwa ya magome ya mti wa muyombo, nayo imelazwa chini nyuma ya nyumba, na kilicholala chini ni chao.

Bartolomeo hakuwapinga. Kwao Ugalla hata mtoto anajua mzinga hutundikwa mtini. Lakini kijiji hiki kipya, walikohamishiwa kwa lori la serikali, kilipimwa kwa kamba, na miti ikakatwa ili kamba ipite. Akailaza mizinga chini, akijiambia ni kwa muda tu. Mvua zikamkuta.

"Mama yenu haoni," aliwaambia. "Harufu hiyo ndiyo inayomjulisha yuko kwake."

Vijidudu walinong'onezana. "Pole, mzee. Mzinga mmoja tutauacha mpaka jioni."

"Kuleni taratibu, wanangu," alisema Natalia. "Msije mkapaliwa."

Bwana shamba Thadei alipita, akawasalimia vijidudu, akawasifu kwa moyo wa kujitegemea. Alisema wanafanya kazi pamoja na hawalalamiki, afadhali wanakijiji wangeiga. Bartolomeo akaomba ruhusa ya kumrudisha mkewe Ugalla.

"Kule ni pori sasa, mzee."

"Kuna nyumba yangu."

"Ilichomwa mlipopanda lori," alisema Thadei kwa upole. "Ili msisumbuke kurudi."

Jioni mzinga wa mwisho uligeuka unga. Vijidudu walishukuru, wakaaga, wakaurudishia mlango.

Natalia aligeuza uso huku na huku, akavuta pumzi, akapapasa ukuta.

"Baba Silvesta, leo tumelala kwa nani?"

 Bartolomeo alijuta kwamba siku ile ya kukata miti hakuacha hata mti mmoja nyuma ya nyumba, wakati shoka lilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

"Wale wadogo walibisha hodi," alisema Natalia. "Wenye lori hawakubisha."

Akajifunga kanga vizuri, akaketi ukingoni mwa kitanda kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Bado anangoja.