Ukucha wa Bati

Bi Ukucha alikuwa msusi wa mikeka, na jina hilo hakupewa bure. Ukucha wa dole gumba lake la kulia ulikuwa mrefu, mgumu, na ndio uliochana majani ya mkindu yakawa membamba, tayari kusukwa. Kisu, kwake, kilikuwa cha kukatia vitunguu. Siku moja mlango ukambana dole hilo. Ukucha ukang'oka, na ulioota baadaye ulikuwa laini, akichana unajikunja. Awaombe wenzake wamchanie, yeye aliyewafundisha? Bora aache kusuka.

Mkwewe, mume wa binti yake, fundi baiskeli, akajitosa. Akaja na meza ndogo yenye nyembe tano: unavuta jani, linatoka limechanika sawasawa.

"Unaionaje, mama?"

"Nzuri sana, baba. Mungu akuzidishie."

Ilikuwa nzuri kweli, tusimnyime haki yake. Ila ilikuwa nzito kama gunia la mahindi, na Bi Ukucha tangu azaliwe hajasuka akiwa ametulia mahali pamoja. Alisuka akienda kisimani, akichana jani moja moja kila alipolihitaji, alisuka akimjulia hali mgonjwa, na zaidi alisuka ukumbini kwa jirani, ambako habari za watu zilichambuliwa kuliko mchele. Sasa alichana nyumbani peke yake, akisikia vicheko vya wenzake ng'ambo ya ua, na roho ilimuuma. Lakini mkwe utamwambiaje kazi yake haikufai? Wiki ya pili meza akaachiwa kuku.

Fundi alipokuja akamkuta kuku juu ya meza, ametaga.

"Kumbe siku hizi anayesuka ni huyu, mama?"

Bi Ukucha alitamani ardhi ipasuke. Fundi alisema tu kwamba kesho yake hafungui kibanda, anaomba amfuate popote aendako.

Akamfuata kutwa nzima, fungu la majani kwapani, wanawake wakimtania kwamba mke wake amempoteza. Ukumbini kwa jirani aliona jambo moja. Kila mazungumzo yalipokolea, dole gumba la Bi Ukucha liliinuka lenyewe kulitafuta jani, kisha likarudi chini. Fundi akamwonea huruma mno.

Baada ya siku mbili akaleta kitu kidogo kisichojaza kiganja: kofia ya dole gumba, yenye ncha, aliyoikata kwenye bati la kuzuia tope la baiskeli. Bi Ukucha akaivaa, akachukua jani. Likachanika moja kwa moja hadi mwisho.

"Unaionaje, mama?"

"Nzuri sa..." Akakitazama kidole chake. "Inabana. Hapa kwenye kiungo. Na hiyo ncha ipunguze, itanichania nguo kabla ya majani."

Fundi akacheka kwa furaha, akatoa koleo mfukoni. Alikuwa amekuja nalo akitumaini kuambiwa hivyo.

Bi Ukucha alikuwa keshasimama mlangoni, majani kwapani.

"Haya, fanya hima, mwanangu. Wenzangu wananingoja."