Safu ya Pili Yalia

Kinyozi hakuwa mtu wa kukosa sala ya jamaa, ila kuna jambo lilimkera: hajawahi kulia katika sala hata siku moja. Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi magodoro, alilia kila imamu alipofika kwenye aya za rehema. Alilia mpaka mabega yakaruka, na wakitoka nje wazee humshika mkono awaombee dua. Kinyozi yeye huulizwa tu kama duka lake liko wazi.

"Moyo wangu jiwe," alimlalamikia mkewe. "Nikishafunga sala tu, nakumbuka mashine sikuizima."

"Basi izime kabla hujaenda," mkewe akamjibu, huku akikunja nguo.

Jumatatu moja akachoka kuwa mkavu. Kabla ya magharibi alipita jikoni, akachukua nusu kitunguu, akakifunga kwenye leso na kukitia mfuko wa kifuani wa kanzu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: machozi mawili matatu yatatoka, na moyo ukiona macho yanalia, utaona haya nao ulie.

Akasimama safu ya pili, mbele ya feni. Kwenye sijda ya kwanza akajibana sana, kitunguu kikapondeka. Kufika rakaa ya pili macho yanawaka, ndevu zimelowa, na yeye moyoni anashangilia: leo na mimi!

Mara akasikia jirani wa kulia anavuta kamasi. Kisha wa kushoto. Feni likafanya kazi yake, safu ikaitika. Muuza viatu, ambaye hata mazikoni hukaa macho makavu, akatoa kwikwi. Imamu, kusikia vilio nyuma yake, akajua rehema imeshuka. Akaacha sura fupi aliyoizoea, akashika ndefu, kwa sauti ya kutetemeka.

Aliyebaki mkavu ni fundi magodoro peke yake. Alichelewa, akasimama nyuma kabisa, dirishani. Salamu ilipotolewa akaja mbio, uso umempauka.

"Shemeji, watu wote wamelia, mimi nimeachwa! Nimekosa nini?"

Kinyozi akajaribu kujizuia. Akang'ata mdomo, akatazama dari, wapi! Kicheko kikamtoka, na leso akaitoa mwenyewe mbele ya imamu.

Imamu alikinusa kile kitunguu, akafuta macho. "Wewe hujui kwamba kitunguu msikitini kina katazo?"

"Sikukila, sheikh."

"Umekivaa!"

Muuza viatu aliposikia akanyanyuka, akaenda kunawa uso, lakini mgongo wake ulikuwa unatikisika kwa kucheka.

"Sasa niambie," imamu akasema, "siku zote ukitoka humu unajisikiaje?"

Kinyozi akajikuna kidevu. "Kawaida tu. Njaa inauma. Nasalimiana na watu, naenda zangu."

"Na kabla hujaingia?"

"Kabla hujaniona nimeingia, sheikh, usinisalimie. Kutwa vichwa vya watu! Mtu akiniita jina tu, namwona adui."

"Na hapo katikati husikii kitu?"

"Sisikii kitu kabisa."

Imamu akamtazama, akatingisha kichwa, akacheka.

Fundi magodoro hakucheka. "Hiyo yako ndiyo naitaka mimi," akasema. "Mimi nalia hapa, nikifika nyumbani nagombana mpaka na pazia. Muulize dada yangu, huyo mkeo, ananijua. Unafanyaje?"

"Sijui, shemeji. Ningejua ningebeba kitunguu?"

Wakatoka pamoja. Njiani mwendesha pikipiki akapita kwenye dimbwi, kanzu ya fundi ikawa tope mpaka kiunoni. Fundi akafungua mdomo, mshipa wa shingo umemsimama. Akamwangalia kinyozi aliyekuwa anajipangusa tope sikioni bila haraka. Akameza mate.

"Waalaikumu salaam!" akamfokea yule wa pikipiki, ambaye hakuwa amemsalimia mtu.

"Si vibaya," kinyozi akasema, "kwa kuanzia."